Mikate ya Mama Buku

Wenzangu, masikio mnayo?

Tunayo!

Yategeni basi.

Yako wazi, mimina!

Hapo zamani za kale aliishi Mama Buku, panya mwenye mashavu mapana, pamoja na binti yake Siwema. Siku moja ikaja habari kwamba akina Nungunungu wanakuja kumposa Siwema. Mama Buku akafurahi mno. Akaoka mikate ya mahindi kwa unga wote aliokuwa nao, akaipanga chunguni ingali moto, akaifunika. Lakini mto ulifurika, na wageni wakachelewa.

Akaja jirani yake Kobe. "Hodi, Mama Siwema. Nigawie japo kipande."

"Ya wageni hiyo, baba."

Akaja Kanga na vifaranga. "Dada, wanangu hawajala."

"Ya wageni hiyo, dada."

Akaja Siwema mwenyewe. "Mama, tuile, itaharibika."

"Ya wageni hiyo, mwanangu."

Mto ukapungua. Wageni walipoonekana ng'ambo, Mama Buku akafunua chungu. Lo! Mikate imeota ukungu, manyoya ya kijani tele. Moyo ukamlipuka. Posa ya mwanawe itavunjika! Akachukua kisu, akakwangua, akakwangua, akakwangua, mpaka mikate ikang'aa.

"Ukungu uko juu tu," akajiambia. "Nani atajua?"

Wageni wakaketi. Mzee Nungunungu akasema, "Mama, kwetu mwenye chakula huonja kwanza."

Mama Buku akamega, akatafuna. Uchungu ukamshika koo. Akameza huku anatabasamu, maskini. Lakini alipoona watoto wa wageni wananyoosha mikono, akashindwa.

"Msile," akasema. "Nimeukwangua ukungu nje, kumbe umeingia mpaka ndani. Niliona aibu."

Siwema akainamisha uso.

"Hodi," ikasikika mlangoni. Ni Kobe, na sufuria ya viazi vya moto. "Nimesikia mna wageni."

"Kobe, mimi si nilikunyima?"

"Ulininyima. Sasa nipishe, vinapoa."

Wakala wote, na Kanga akaitwa na wanawe. Mzee Nungunungu akajifuta midomo. "Mikate tumeikosa," akasema, "ila mkwe msema kweli tumempata."

Siwema akaolewa. Na tangu hapo, Mama Buku akioka, kipande cha kwanza hupelekwa kwa Kobe kingali moto.

Basi wenzangu, chakula mpe mwenzio kingali kizuri. Ukikificha, ukungu utakuja kukila bila hodi. Na kosa usilikwangue juu juu, litoe lote.

Chungu changu kimekwisha. Aliyeshiba anawe, aliyebakiza ampelekee jirani.