Karani Aliyefuta Salamu

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nipeni dakika chache niwapeleke kwa karani mmoja wa bohari ya vipuri vya magari. Msimtafute mtaani, nimemtunga mwenyewe, ingawa wengine mtamtambua. Ni mtu nadhifu huyu. Meza yake haina vumbi, kalamu zake zimelala upande mmoja, na shati lake lina mikunjo ya pasi mpaka jioni. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: kikasha chake cha barua pepe.

Kila asubuhi akiwasha kompyuta, barua zimejaa. Za kutoka kwa nani? Mjane wa tajiri fulani wa ng'ambo anataka kumrithisha mali. Mtu anauza dawa ya kuondoa kitambi. Mwingine anampongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuicheza. Na wote hao wana adabu kupita kiasi. "Natumai u mzima wa afya." "Pokea salamu zangu nyingi." Siku hizi tapeli anasalimia vizuri kuliko mkwe.

Karani akachunguza, akagundua jambo. Wateja wake wa kweli hawasalimii. Mteja anaandika, "Klachi ya lori, ipo?" Basi. Kwa hiyo karani akaiagiza kompyuta: barua yoyote yenye salamu ndefu usinionyeshe, ifute mwenyewe. Tangu siku hiyo kikasha kikatulia. Akajisifu mpaka kwa mlinzi wa getini.

Sasa, huyu karani alikuwa anataka kuoa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, mama ambaye alikuwa mpiga chapa wa mashine ya taipu serikalini mpaka akastaafu. Na wakwe walikuwa wamesema wazi: posa tutaipokea kutoka mkononi mwa aliyemlea, hatutaki mtu wa kuazima. Karani naye hakutaka mwingine. Shangazi ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemkanda kifua kwa mafuta kila alipokohoa. Alimpenda mno.

Simu kwa Shangazi ilikuwa taabu. Masikio yamekuwa mazito, unapaza sauti mpaka majirani wanajua siri zako. Wao mazungumzo yao yalikuwa barua pepe, mara moja moja, maana vidole vya mpiga chapa havistaafu. Basi karani akaandika: "Shikamoo Shangazi. Nimepata mchumba. Naomba uje unipelekee posa." Akatuma, akangoja.

Kimya.

Siku zikapita. Mchumba akamuuliza, "Shangazi amesemaje?"

"Hajajibu."

"Labda hajaiona barua."

"Shangazi? Yule huisoma barua kabla haijafika."

"Basi hanitaki," mchumba akasema polepole.

Usiku ule na siku zilizofuata karani akaanza kujitungia kesi. Amekasirika kwa sababu sikwenda nyumbani Krismasi. Hapana, ni kwa sababu mchumba si wa kabila letu. Mnaujua mchezo huo? Mtu hajasema neno, nawe umeshamwandikia hotuba nzima ya matusi na kumwekea mdomoni. Mwisho roho ikamwuma, akasema, kama kanitupa, nami nitaoa bila yeye. Akaenda kwa mzee mmoja jirani, akamwomba asimame mahali pa Shangazi, wakwe wakinung'unika na wanung'unike. Mzee wa watu akakubali, akaanza kutafuta koti.

Posa ikiwa imekaribia kabisa, barua ikaingia kwenye kikasha. Fupi. Haina salamu hata moja.

"Nimekuandikia, nimekuandikia tena. Kama hunitaki kwenye posa yako, sema. Gauni limeshashonwa."

Karani akaisoma mara mbili. Amekuandikia? Barua ziko wapi? Hapo ndipo akalikumbuka agizo lake. Bahati nzuri kompyuta haitupi papo hapo. Barua zilizofutwa hukaa kwanza kwenye kapu la taka. Akalifungua. Katikati ya mjane wa tajiri na dawa ya kitambi, alikuwemo Shangazi.

Alifikaje humo? Mama huyu hajawahi kutaja haja yake kabla ya kumjulia mtu hali. Kwake barua isiyo na salamu ni notisi ya kuhama nyumba. Barua ya kwanza ilisema: "Marahaba, baba'ngu mpendwa. Natumai u mzima wa afya, nami ni mzima isipokuwa goti. Nimefurahi mpaka nimetafuta mahali pa kukaa. Niambie siku." Iliyofuata, baada ya salamu zake zote: "Labda kazi ni nyingi." Na ya baada ya hiyo, salamu tena, halafu: "Baba'ngu, au nimekukosea?"

Karani alilia palepale, mbele ya maboksi ya mikanda ya feni. Kisha akaandika haraka haraka: "Nisamehe. Nakuja kukuchukua mwenyewe."

Jibu halikuchelewa: "Barua nimeipata. Haina salamu. Iandike upya."

Mnacheka. Chekeni tu, Shangazi anastahili. Lakini niwaulize: siku zote zile karani alipokuwa akilalamika kwamba ametupwa, ni nani aliyekuwa kimya? Ni nani aliyekuwa anabisha hodi, na ni nani aliyefunga mlango akaenda kumlilia jirani kuwa hana wageni?

Sisi nasi tumeagiza mioyo yetu. Mtu akianza tu, "Habari za siku nyingi," tumeshamfuta, tunasema huyu ana shida zake. Baba anasimulia yale yale, tunaitikia huku macho yako kwenye simu. Mke anaanza, "Nilikuwa nataka tuongee," nasi tumeshatoka nje. Tunafuta wenye hila, sawa, na pamoja nao tunafuta wenye mapenzi, kwa sababu mapenzi nayo yanachukua muda kufika kwenye jambo. Halafu tunapiga magoti hapa kumwambia Mungu, "Mbona hunijibu?" Na Mungu, wapendwa, mara nyingi amejibu kwa mdomo wa mtu tuliyekataa kumsikiliza.

Yupo mtu ambaye wewe umeshamhukumu kwamba amekunyamazia. Jina lake limekujia sasa hivi, nimeona baadhi yenu mmeinamisha kichwa. Leo, kabla hujala, mtafute. Na ukimpata, usithubutu kumuuliza, "Mbona kimya?" Mwache akuulize yeye.