Kabati na Vilivyomo

Mwantumu alijenga ukutani kabati refu la kuwekea vitu kwa sababu chumba cha akiba kilikuwa kimekaliwa na shemeji yake Mshamu, aliyekuja kula Idi akasahau kurudi kwao. Mwenye nyumba, Mzee Kibwana, alipoliona kabati, roho ilimtoka kwa tamaa. Siku hiyohiyo akamwamuru Mwantumu ahame.

"Kilichopigiliwa msumari kwenye ukuta wangu ni changu!"

Mwantumu aliangua kilio mpaka majirani wakajaa sebuleni.

"Mzee, basi niachie hata vilivyomo!"

"Thubutu! Kabati langu, na vilivyomo vyangu."

"Na utavitunza?"

"Wallahi nitavitunza! Majirani, nyinyi ni mashahidi."

Mwantumu akafuta machozi, akafungua kabati. Ndani, juu ya mablanketi, Mshamu, ambaye chumba kimoja hakikumtosha tena, alikuwa akikoroma. Akafumbua jicho moja.

"Shemeji, chai tayari?"

"Muulize Mzee. Kaapa kukutunza."

Majirani wakavunjika mbavu. Mzee Kibwana akatokwa na jasho.

"Mwanangu, chukua kabati lako!"

"Nitalichukua, Mzee. Tupu."

Mshamu alikuwa keshavaa ndala za Mzee, anauliza nyumbani kwa Mzee mchana wanapika nini.