Sifuri Iliyorukwa

Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi thelathini na wanne wa darasa la nne, na siku moja akabaki na ufunguo wa darasa peke yake. Ugonjwa ulikuwa umeingia nchini, shule zikafungwa, na watoto wakatawanyika majumbani mwao juu na chini ya mlima. Mwalimu huyo aliitwa Mwandoe. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita katika shule ile ile ya Taita, na wengi aliokuwa akiwafundisha sasa walikuwa watoto wa wale aliowahi kuwafundisha.

Kwanza alijaribu simu. Wazazi kumi na mmoja ndio waliokuwa na simu iwezayo kupokea somo; waliobaki walikuwa na simu za kupiga, kupokea na kumulika. Hata hizo kumi na moja ziliondoka asubuhi na wenyewe na kurudi jioni hazina chaji. Wazazi ndio waliompigia yeye. Mmoja alitaka kujua shule itafunguliwa lini, kana kwamba Mwandoe ndiye aliyeifunga. Mwingine alikiri kwamba sasa ameelewa kwa nini walimu hugoma. Watatu walimwomba awagombeze watoto wao kwa spika, kwa maana sauti ya mama ilikuwa imezoeleka. Aliwagombeza wawili. Wa tatu alisikika akicheka, naye akaacha.

Ndipo akakumbuka kwamba kila nyumba husaga. Chini ya barabara kulikuwa na mashine ya kusagia mahindi ya mzee Mwadime, na kila Jumamosi mlima mzima uliteremka pale. Siku hizo watu hawakuruhusiwa kusongamana, kwa hiyo madebe ndiyo yaliyopanga foleni, kati ya debe na debe hatua mbili, na wenyewe wakakaa mbalimbali kwenye kingo za matuta, barakoa zikiwa usoni au kidevuni. Mwandoe alipigilia ukutani bahasha thelathini na nne za kaki, kila moja na jina la mtoto. Jumamosi hii mzazi angechukua zoezi, Jumamosi ijayo angelirudisha, na ya tatu angelikuta limesahihishwa. Jambo moja hakulifikiria. Bahasha zilikuwa wazi, na mtu anayesubiri unga hana kazi nyingine ila kutazama.

Wiki za kwanza kila mtoto alipata yote. Mwandoe alifurahi, kisha akaacha kufurahi, kwa sababu aliona tarakimu zote zimelala upande mmoja kama migomba baada ya upepo. Wazazi walikuwa wakifanya mazoezi wenyewe, na ili mwandiko ufanane na wa mtoto waliandika kwa mkono wa kushoto. Mzee Mwadime naye aliliona. Alisema, mashine ikinguruma, kwamba tangu azaliwe amewajua watu wawili tu wa mkono wa kushoto katika mlima ule, na sasa amejaliwa kuona darasa zima. Watu walicheka ndani ya barakoa na hakuna aliyekiri. Mwandoe pia alinyamaza. Alijiambia kwamba angalau katika kila nyumba kuna mtu anayefungua daftari.

Kisha ikafika wiki ya kugawanya. Swali la kwanza lilikuwa mia sita na kumi na nane kugawanya kwa sita, na mtoto alitakiwa kuonyesha njia. Jibu ni mia moja na tatu. Karatasi tisa zilisema kumi na tatu. Katika moja ya hizo tisa, juu paliandikwa mia moja na tatu na chini njia ikafika kumi na tatu: jibu lilitoka kwenye simu, njia ikatoka kichwani, na viwili hivyo havikujuana. Maswali mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na karatasi hizo tisa ziliyakosa yote. Mwandoe alisahihisha kwa wino mwekundu kama alivyozoea. Kwenye karatasi ya msichana mmoja, Mkamburi, aliandika: Hajaelewa. Arudie.

Jumamosi watu waliisoma kabla ya mwenyewe kufika. Mama yake Mkamburi aliitwa Saru, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkulima wa maharagwe, mwepesi wa mzaha. Jirani mmoja alimuuliza kama na unga wake utagawanywa kwa hesabu ile, maana basi atarudi nyumbani na kikombe. Saru alicheka na wenzake, akaikunja karatasi ndani ya leso, akasaga, akaenda. Jumamosi iliyofuata debe lake halikuwa katika foleni. Alikuwa ameanza kusaga kwenye mashine ya upande wa pili wa mlima, saa nzima kupanda na saa nzima kushuka, na mzigo mgongoni. Bahasha ya Mkamburi ilibaki na zoezi lile lile wiki mbili.

Mwandoe alipoambiwa alikokwenda Saru alidhani ni kiburi. Lakini yule mtoto alikuwa akikaa bila somo, na jambo hilo lilimsumbua. Alizitandaza mezani zile karatasi tisa, akaziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoziangalia mara ya kwanza. Watoto wanaokaa mbalimbali hawakosei mahali pamoja kwa namna moja. Akaandika kando ya kila karatasi jina la mzazi. Wote tisa walikuwa wameketi katika darasa moja, darasa lake mwenyewe, mwaka wake wa pili wa kazi.

Alikuwa na sanduku la maazimio ya kazi, yale madaftari ambamo mwalimu huandika atafundisha nini wiki gani. Hakuwahi kutupa hata moja. Akalipata la mwaka ule. Wiki ya tano, ya sita na ya saba zilikuwa na mstari mmoja uliopigwa kwa kalamu, na maneno: mgonjwa, homa ya matumbo. Wiki ya nane ilisema: sehemu, somo la baada ya kugawanya. Katikati hapakuwa na kitu. Akakumbuka kwamba alirudi kazini akiwa bado hana nguvu, mkaguzi akitarajiwa, na kitabu kilitakiwa kiishe kabla ya muhula kwisha. Kurasa zilizofundisha nini cha kufanya tarakimu inapokuwa ndogo isigawanyike, aliziruka zote kwa pamoja. Akakumbuka na mengine. Mtihani ulipokuja aliwachapa kwa kosa hilo hilo. Na msichana mmoja wa miaka kumi, aliyelia zaidi ya wenzake, alimwambia mbele ya darasa kwamba hesabu si zake. Msichana huyo alikuwa Saru. Alimwamini, na alipofika darasa la saba akaacha shule.

Asubuhi yake Mwandoe alilichukua daftari lile, akapanda kwa Saru. Alimkuta shambani akichuma maharagwe, Mkamburi kando yake na ungo. Walisalimiana kwa mbali, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Alimwita Mama Mkamburi kwa heshima, akamuuliza kwa nini mtoto hajarudisha zoezi. Saru alimtuma binti yake akaongeze kuni jikoni, akangoja hadi alipokwisha kuingia.

"Mwalimu, lile zoezi niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Wewe ulishanipima ukasema hesabu si zangu. Nilitaka huyu umpime akiwa amepata yote, usije ukamwambia kama mimi. Sasa umemwambia."

Mwandoe hakujitetea. Alilifungua daftari kwenye ule ukurasa, akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua mbili ili Saru alisogelee. Alimweleza polepole, kama mtu anayetoa ushahidi: wiki tatu za ugonjwa, mkaguzi, kurasa alizoziruka. Alisema kwamba Saru hakushindwa kuelewa somo lile, kwa sababu somo lile halikufundishwa. Saru aliusoma ule mstari zaidi ya mara moja. Alikuwa ameishi na neno lile miaka ishirini na minne. Kwa sababu yake hakuwahi kukubali kuwa katibu wa kikundi cha akina mama, na mbegu zilipogawanywa alisimama nyuma. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, bila hasira: je, Mwalimu angeweza kuyasema hayo mbele ya madebe?

Hilo halikuwa jambo dogo. Mwalimu katika mlima ule alikuwa mtu ambaye maneno yake hayakupimwa. Kuna waliowaita watoto wao kwa jina lake. Mwandoe angeweza kumfundisha Saru pale pale shambani, mtoto akapata somo lake na wala pasiwe na mtu wa kujua. Alilichukua daftari lake, akashuka.

Jumamosi alifika kabla ya debe la kwanza. Foleni ilipokuwa imejaa alimwomba mzee Mwadime azime mashine. Ukimya ulioingia uliwafanya watu wasimame, maana mashine ile haikuzimwa watu wakiwa wanasubiri ila siku ya msiba. Mwandoe akasema yote, kwa mpangilio, na tarehe. Akawataja tisa kwa majina, akasema kosa lililo katika karatasi zao ni lake, akasema na alichomwambia Saru. Saru alikuwa amekuja. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mwisho wa tuta, debe lake likiwa la mwisho katika foleni. Kisha baba mmoja katika wale tisa, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akauliza kwa adabu kama viboko vya mwaka ule vinaweza kurudishwa, na kwa nani. Mlima mzima ukacheka, na Mwandoe akacheka pia, akasema atavirudisha kwa somo.

Alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa bati wa mashine. Mia sita na kumi na nane, kwa watu sita. Mamia sita, kila mtu amepata moja. Sasa kumi moja, na watu ni sita. Haitoshi, hakuna anayepata. Hapo, alisema, ndipo nilipowaacha. Mliona hakuna cha kugawa, mkapita bila kuandika, na zile tatu zilizotoka kwenye kumi na nane zikasogea zikakaa mahali pasipo pao, na mia nzima ikawa kumi. Pasipo na kitu huandikwa sifuri. Mahali pa asiyekuwapo hapafutwi. Hushikwa, ili waliobaki wajue mahali pao. Alisimama kidogo hapo, chaki mkononi. Mkewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na wengi waliokuwa kwenye zile kingo walikuwa wametia udongo. Kisha akaandika swali la pili, akauliza nani atalifanya. Saru alishuka kutoka mwisho wa tuta. Alifanya kwa mkono wa kulia. Alipofika penye sifuri aliiandika kubwa kuliko tarakimu nyingine zote, na mzee Mwadime akasema hiyo itaonekana hata kutoka bondeni.

Tangu siku hiyo foleni ya madebe ikawa darasa. Kila Jumamosi Mwandoe aliwafundisha wazazi jambo moja, nao wakalibeba nyumbani pamoja na unga, wakawafundisha watoto. Wengine walilibeba vibaya, wakarudi kuuliza. Mama mmoja alisema kwamba sasa anaomba radhi kwa yote aliyowahi kuyasema juu ya walimu, isipokuwa moja, na hilo hakulitaja. Karatasi zilizorudi zilikuwa na alama za vidole, masizi na maji ya maharagwe, na tarakimu zake zililala kila upande. Zilikuwa na makosa mengi, nayo hayakufanana: kila mtoto alikosea kwake. Alama zikashuka katika bahasha zote, na Mwandoe alisahihisha kwa moyo mwepesi kuliko wakati zilipokuwa juu. Kwenye karatasi ya Mkamburi hakuandika tena kwamba hajaelewa. Aliandika ni hatua gani aliyofika, na ipi inafuata.

Shule zilipofunguliwa, darasa la nne lilikuwa kati ya yale yaliyorudi kwanza. Watoto waliketi mmoja mmoja kwenye dawati. Walikuwa nyuma katika mambo mengi, na mwalimu hakuyaficha. Lakini kugawanya walikujua, na Mkamburi alipokosea swali mbele ya wenzake hakulia. Alilitazama ubaoni, akauliza mwalimu amelifundisha siku gani, na Mwandoe akajibu kwamba atatazama.

Nanyi mnaowalea wengine, kabla ya kumwambia mtu kwamba jambo fulani si lake, mmetazama ni wiki zipi hamkuwapo?