Kwa Nini Mgeni wa Wamongolia Huita "Shikeni Mbwa!"

Ewe unayefunga mizigo kwenda kwa Wamongolia, waache kidogo hao wanaokujaza maneno ya makoti na viatu vya manyoya. Keti usikie hili la mbwa, maana ndilo litakalokufaa mlangoni.

Hapo kale, watu wa nyika zile za baridi waliingia mahemani mwa wenzao bila hodi. Mgeni alifunua pazia, akaketi, akapewa chai ya maziwa yenye chumvi. Hakuna aliyeona ubaya.

Kipupwe kimoja, Dulmaa alibaki hemani na mwanawe mchanga. Mumewe, Gombo, alikuwa ametoka kutafuta farasi waliotawanywa na dhoruba. Alasiri pazia likafunuliwa, Gombo akaingia, akaketi mahali pake. Dulmaa alifurahi mno, akammiminia chai. Ila theluji ya mabegani mwa mumewe haikuyeyuka, na jiko lilikuwa linawaka. Mbwa wao naye, aliyezoea kubwekea hata kunguru, alikuwa kimya huko nje.

"Nipe mtoto nimpakate," mume akasema.

Dulmaa akamvuta mtoto kifuani. "Ngoja anyonye kwanza."

Mara zikasikika kwato za farasi, na mbwa akabweka kwa hasira. Sauti ikaita kutoka mbali: "Dulmaa! Mshike mbwa! Nimejaa theluji, hanitambui!"

Ilikuwa sauti ya Gombo.

"Usimwitikie," akanong'ona yule aliyeketi. "Huyo si mimi."

Dulmaa aliogopa. Amwamini nani, na mtoto yuko kifuani? Akasema taratibu, "Basi nenda wewe ukamshike mbwa."

Yule hakuinuka. Alitabasamu tu, na tabasamu likazidi kupanuka kuliko uso wenyewe. Dulmaa hakungoja zaidi. Alitoka mbio na mwanawe, akamkamata mbwa shingoni, na Gombo akashuka farasini akitweta, theluji ikimtiririka usoni kama maji.

Waliporudi ndani hawakukuta mtu. Chai ilikuwa imeganda bakulini, kando ya jiko.

Na tangu siku hiyo, mgeni wa Wamongolia huita angali mbali, "Shikeni mbwa!" hata penye hema lisilo na mbwa. Nawe ukifika, ita. Mwenyeji akikawia kukuitikia, usinune. Anawatazama kwanza walioketi naye ndani.