Nani Ampe Jina Mtoto wa Sekela?

Sogeeni karibu, na aliyekuja kusinzia arudi kwake, maana leo nasimulia nikiwa na hasira.

Tukuyu walikuwepo watu watatu. Lugano, fundi umeme wa magari, haamini kitu mpaka akifungue akione. Tusajigwe, mshona viti, haoni haya kufumua kazi yake mwenyewe. Shangazi Subilaga, mkunga mstaafu, akishasema kaa, unakaa.

Wa nne ni Ambakisye, mume wa Sekela. Kipaji chake ni kubisha. Alinunua gari lililokwishatumika, akavivalisha viti vyake vitambaa vya kung'aa vikafunika hata vifungio vya mikanda. "Mkanda ni wa kumwonyesha trafiki," alisema. Na mkewe ana mimba ya miezi saba!

Lugano alipoletewa gari alikague, aliwasha swichi, akaona taa ya mfuko wa hewa, ambayo huwaka kidogo kisha ikazimika, haiwaki kabisa. Akafungua dashibodi mbele ya kiti cha Sekela. Mahali pa mfuko unaojaa hewa ghafla gari likigonga, muuzaji alikuwa amesokomeza matambara, na taa ya onyo akaing'oa. Matambara, jamani! Huyo muuzaji ana mama kweli? Lugano aligoma kuliachia gari mpaka mfuko halisi ulipofungwa.

Tusajigwe ndiye aliyeshona vile vitambaa vya viti. Alipomwona Sekela anapapasa mkanda na hana pa kuuchomeka, alishika mkasi akavipasua vitambaa pande zote mbili, vifungio vikaonekana.

"Unaniharibia gari!" Ambakisye akafoka.

"Kitambaa kitashonwa tena, shemeji. Mkeo je?"

Siku Ambakisye alipotaka kusafiri na mkewe, Shangazi alisimama mbele ya gari, hakuna kuondoka. Alisogeza kiti cha Sekela nyuma, mbali na dashibodi. Mkanda wa chini akaupitisha chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu, katikati ya matiti. Ambakisye naye, mkanda wake aliupitisha nyuma ya mgongo, ili gari liache kumpigia kelele.

Kwenye kona, lori bovu la viazi lilikuwa limeachwa barabarani bila alama yoyote. Wakaligonga. Bila mkanda, Sekela angerushwa juu ya mfuko unaojaa hewa. Bila mfuko, kichwa kingekutana na dashibodi. Na mkanda ungepita juu ya tumbo, mtoto asingekuwepo. Ambakisye alivunjika taya.

Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Katika ukoo wa Sekela, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina, na ni mtu mmoja tu. Watatu wameketi sebuleni wanasubiri. Ambakisye, taya limefungwa waya, akaandika kwenye karatasi: "Jina nitatoa mimi."

Sekela akaichana.

"Nisaidieni," akasema. "Nimkabidhi nani mwanangu?"

Haya, mngemkabidhi nani? Na wewe baba unayecheka huko nyuma, subiri kwanza. Kabla hujaamua, niambie: vifungio vya mikanda ya gari lako viko wapi?