Insha ya Fisi Isiyo na Nukta

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kwenda shule, Fisi alisoma darasa moja na Pelele, kile kinyama cha miambani kisichozidi kiatu. Kila adhuhuri Fisi alikula chakula chake, akala na cha Pelele, kisha akamuuliza mbona amekonda.

Basi Mwalimu Korongo akatangaza mashindano ya kusoma insha ya Kiingereza mbele ya wazazi. Mshindi angeshika upawa wa jikoni muhula mzima, awagawie wenzake chakula. Pelele akaona wazi: Fisi akishinda, yeye anazikwa.

Na shule ile ilikuwa na sheria yake. Msomaji havuti pumzi mpaka afike kwenye nukta.

Fisi, kama wababe wote, alimpa Pelele insha yake aiandike upya kwa mwandiko mzuri. Pelele akaitazama, akaguna.

"Kaka mkubwa, nukta zote hizi za nini?"

"Sentensi ikiisha unaweka nukta. Mwalimu kasema."

"Hizo ni zetu sisi wenye mapafu kama njugu. Wewe ukisimamasimama, wazazi watasema umechoka. Kwani Simba hunguruma kwa vituo?"

Fisi akafikiri, kazi asiyoizoea. "Zing'oe," akasema.

Pelele akazing'oa zote, akabandika mikato mahali pake.

Siku ya siku Fisi akapanda jukwaani, kifua mbele. Aliamka, alioga, mjomba alikuja, mbuzi alichinjwa, mvua ilinyesha, yote kwa pumzi moja. Kwenye mbuzi macho yakamtoka. Kwenye mvua sauti ikawa filimbi, fiii. Kisha puu! Chini, miguu juu, mama yake anampepea kwa khanga.

Mwalimu akauliza nani ataisahihisha insha ile. Pelele akanyoosha kidole, akapanda, akaisoma. Aliamka. Akatua, akavuta pumzi. Alioga. Akatua tena. Alipofika kwa mjomba, akasema mjomba alikuja, kwa hiyo mbuzi alichinjwa. Habari mbili zikashikana mikono kwa neno, si kwa mkato peke yake. Hata wazazi waliokuwa wakisinzia walielewa nani alichinjwa.

Upawa akapewa Pelele, na adhuhuri Fisi alileta sahani. Pelele akamwekea upawa mmoja, sawa na wenzake. Fisi akabaki amesimama, sahani mkononi, anangoja.

"Anayefuata," akasema Pelele.

Asiyejua pa kuweka nukta, huwekewa.