Ndala za Sufu za Mama Mkwe

Wapendwa, leo naanzia miguuni. Kulikuwa na dada mmoja huko milimani, kwenye baridi ile ya kumfanya mtu aote moto na koti mwilini. Kinamama wa kule wana ufundi wao. Wanatandaza sufu ya kondoo tabaka juu ya tabaka, wanamwagia maji moto ya sabuni, wanasugua na kukanda mpaka inashikana yenyewe na kuwa kitambaa kizito, bila sindano wala uzi. Wanatengeneza kofia, mikoba, matandiko. Na ndala! Ukizivaa hizo hutaki kuzivua hata kitandani.

Sasa dada huyu na mama mkwe wake walikuwa hawapatani. Mwaka mzima ni shikamoo, marahaba, basi. Lakini mama yule miguu ilimuuma kwa baridi, hata uani hatoki. Dada akaguswa. Akasema, "Nitamtengenezea ndala, yaishe."

Mmoja wa kinamama waliokuwa wakikanda naye akamwonya, "Tandaza pana zaidi, mwenzangu. Sufu ikikandwa inanywea sana."

"Nimepima kwa kandambili zake za mlangoni," akajibu. "Kwani yeye aliwahi kunizidishia nini? Nampa saizi yake, hata unywele siongezi."

Mnamjua dada huyu? Msigeukiane, tazameni mbele!

Basi akakanda. Alipozitoa kwenye beseni, zilikuwa ndogo, za mtoto mchanga! Hajajua azifiche wapi, mama mkwe huyo anaingia na fimbo yake, kashasikia kuna zawadi. Akazishika, akazitazama. Akalitazama tumbo la mkwewe. Akapiga vigelegele!

"Mwanangu! Kumbe napata mjukuu!"

Kinamama wakacheka hadi machozi. Dada yeye alilia kweli. "Hapana, mama. Ni zako. Nilikupimia kwa kinyongo."

Mama akakunja mikono ya gauni, akatumbukiza mikono yake kwenye beseni lile lile. "Leta sufu," akasema. "Tena nyingi. Mimi nawe tuna miguu mikubwa."

Sasa tuje kwetu sisi. Dada yule hakukosea mguu. Kipimo kilikuwa sawa kabisa! Alichopuuza ni maji moto. Na msamaha wetu nao unapita humo: maneno ya watu, kumbukumbu, hasira za asubuhi. Ukitoa kiasi kile kile mwenzako anachostahili, kitamfika kikiwa hakimtoshi. Mungu angetupimia hivyo, nani angekuwa amekaa kwenye benchi hizi?

Mimi mchungaji wenu nina ndugu yangu, sijampigia simu tangu Pasaka. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ni zamu yake kupiga. Naona aibu kuwaambia.

Haya, tusimame tuombe. Ila leo nitaomba kwa kifupi, nina simu ya kupiga.